Uji wa Violet na Sufuria Yangu

Jumatatu, 9 Juni 2025

Restuta, macho yako ya kazi gani? Mtoto anakwangua udongo ukutani anautafuna kama biskuti, wewe mama yake unasema anaota meno. Miezi kumi na sita — meno gani hayo yasiyokwisha kuota?

Haya sikumwambia. Mama mchungaji kanionya nipunguze mdomo, eti Restuta, mke wa mwanangu Rabson, analia jikoni. Rabson mwenyewe yuko Tunduma anapakia malori, halii. Basi mdomo nauweka kwenye daftari. Darasa la nne linatosha kugombeza.

Leo nimembeba Violet mwenyewe mpaka zahanati. Mama yake nyuma. Nesi Osward kamfunua macho kwa ndani, kamtoboa kidole, kimashine kikasoma tisa nukta sita. Inatakiwa kumi na moja. Akasema mtoto ana upungufu wa damu. Nikamwambia nyumba yangu ina mahindi ya mwaka mzima, maharage, ndizi, huyu hajalala njaa hata siku moja. Akasema, bibi, tumbo linaweza kujaa na damu ikawa kidogo. Kijana mdogo vile, ndevu zenyewe za kuhesabu.

Malaria hana. Kapewa dawa ya minyoo. Halafu boksi la vipakiti vya virutubishi, unga wa kuchanganya na chakula cha mtoto, kimoja kwa siku. Maelekezo kapewa Restuta chumba cha pili, na dada Tabita, mhudumu wa afya wa hapa hapa Isansa. Mimi nilibaki nje na mtoto. Nimelea sita, wote wana meno na akili. Maelekezo ya uji nikayapokee kwa nani?

Wiki sita turudi. Ikishuka chini ya tisa, anapelekwa Vwawa kulazwa. Hilo nililisikia mwenyewe, halikupita chumba cha pili.

Jumatano, 11 Juni

Baridi ya kukata masikio. Wachumaji wamekuja saa moja, kahawa imeiva sana upande wa bondeni. Wamekuja na watoto wao kama kila msimu. Pamoja na Violet ni sita, wanakula kwangu.

Restuta kashika kikombe, anataka kumpakulia Violet pembeni, amnyunyizie unga wake peke yake. Kimya kimya, kama anaiba. Nikamwambia weka chini. Kwangu watoto wanazunguka bakuli moja. Mmoja ale chenye dawa, watano wamtazame mdomo? Huo ni uchoyo, na uchoyo sikuuleta humu wakati naolewa.

Kasema, "Mama, kule walisema..."

Nikamwambia usinifundishe kupika uji.

Nikachukua kipakiti nikakimwaga kwenye sufuria, nikakichemsha vizuri kiive. Kimoja kwa siku, kama walivyoagiza. Vipakiti sasa nakaa navyo mimi, chini ya mto.

Jumapili, 22 Juni

Kanisani salama. Violet kalala ibada nzima, hata ngoma za kwaya hazikumwamsha. Watu wananisifu, mjukuu wako mtulivu. Nikasema asante.

Mtoto wa umri ule kutulia hivyo — sipendi.

Jumatano, 23 Julai

Tisa nukta moja.

Imeshuka. Wiki sita, kipakiti kila siku, sikuruka hata moja, halafu inashuka. Nesi Osward kauliza nani anampa. Nikasema mimi. Kauliza tena, taratibu, kila siku? Nikamwambia hata siku ya msiba wa jirani nilimpa.

Nilipotoka nje nikamgeukia Restuta. Mbele ya wanawake wote wa kliniki nikamuuliza: vipakiti unavipunguza unampelekea dada yako Nakonde? Maana dada yake ana meza ya biashara kule ng'ambo, na siku hizi kila kitu kinavuka mpaka. Kaninyang'anya mtoto mgongoni, kamfunga kwa kanga yake mwenyewe, kaondoka. Sijawahi kumwona anatembea haraka vile.

Njiani nikakumbuka boksi liko chini ya mto wangu. Sikumwita.

Tabita atakuja nyumbani kesho. Aje. Aone usafi wa jiko langu.

Alhamisi, 24 Julai

Kaja saa mbili, buti zimejaa tope, daftari kwenye mfuko wa nailoni. "Shikamoo bibi. Sikuja kukagua, pika tu kama siku zote, mimi nikae hapa na moto." Akakaa kwenye kigoda. Nikafurahi. Nikamwonyesha: maji, unga wa mahindi na ulezi, mwiko haupumziki, karanga za kutwanga. Akasifu karanga. Kisha nikararua kipakiti, nikamwaga kwenye sufuria, nikafunika, nikakoleza kuni.

Akasogeza kigoda karibu na sufuria.

Akauliza uji huu ni wa watoto wangapi. Nikasema sita. Akauliza sahani ya Violet ni ipi. Nikacheka, nikamwonyesha bakuli. Wakubwa walishalizunguka na vijiko vyao, wana mikono kama majembe. Violet kapata vijiko vitatu, vinne, kakaa pembeni analamba kidole. Nimeona hivyo kila siku. Leo ndiyo nimetazama.

Tabita hakupandisha sauti. Kasema, "Bibi, kipakiti ni cha mtoto mmoja. Wewe umekigawa kwa sita, na aliyepata kidogo ndiye mgonjwa." Jambo lingine, kipakiti hakipikwi, moto mkali unakiharibu. Uji unaepuliwa, unapoa kidogo, unakimwaga kwenye chakula chake tu, na anakimaliza. Uji wenyewe uwe mzito, ukae kwenye kijiko. Wangu unakimbia. Dagaa watwangwe watiwe humo. Maharage, majani ya maboga, kipande cha papai au chungwa.

Nikasema mbona hayo hayakusemwa?

Restuta alikuwa mlangoni na beseni la vyombo. Kasema chini chini, "Yalisemwa, mama."

Nikachomoa kuni motoni.

Ijumaa, 25 Julai

Leo sina la kugombeza.

Asubuhi nimeenda na boksi jikoni, nikaliweka mkononi mwa Restuta. Nikamwambia uji wa Violet ni wako kuanzia leo. Na kwamba yale ya Nakonde niliyasema vibaya. Kasema, "Haya mama." Akaendelea kuchambua dagaa, anawatoa vichwa. Nikamwambia vichwa usitoe, twanga na vichwa. Kisha nikajiondokea kabla sijaharibu.

Jumamosi, 26 Julai

Nimeenda Mlowo sokoni. Usiku mzima nimewaza lile la uchoyo. Siwezi kumpa mmoja sahani na watano wakashika bakuli, roho yangu haikubali. Nimenunua sahani sita ndogo za plastiki. Kila mtoto na yake. Unga wa kipakiti unaingia kwa Violet tu, jikoni, kabla hazijatoka nje. Hakuna wa kutazama mdomo wa mwenzake.

Restuta kaziona akacheka. Kumbe ana mwanya. Miaka mitatu yuko kwangu.

Wachumaji wanasema bibi siku hizi ana hoteli.

Jumatatu, 4 Agosti

Sasa mzee wangu.

Kila asubuhi Mzee Yesaya anakaa juani na birika lake, chai ya rangi nyeusi kama maji ya kuoshea masufuria. Violet anapelekewa uji pale pale, miguuni pa babu yake. Leo nimepita na kuku, naona: kijiko cha uji, funda la chai. Kijiko cha uji, funda la chai. Babu anampulizia ipoe.

Tabita alishaniambia chai pamoja na chakula inazuia madini ya damu yasiingie mwilini. Nikadhani anawasema watu wengine.

Nikamuuliza Restuta, wewe hukuona? Kasema ameona tangu kabla ya Pasaka. Basi mbona husemi? Na kweli, angesema kwa mdomo gani? Kwetu mke wa mwana hasogei alipo baba mkwe, hata jina lake hatamki. Akimwona njiani anapita shambani. Uji wenyewe anaupeleka mtoto mkubwa wa mchumaji. Angemfuata mzee amwambie baba, acha chai?

Mwenye mdomo hapa ni mimi, nami nilikuwa nautumia kwake.

Nikaenda juani. Nikasema Yesaya, unamnywesha mtoto chai na uji, damu itapatikana wapi. Kasema, "Mimi nimekunywa chai tangu utoto, damu yangu ina kasoro gani?" Nikamwambia wewe hukupimwa, ulikuwa unakimbilia msituni ukiona sindano. Tumebishana mpaka kuku wamekula mahindi ya mbegu. Mwisho kabeba birika lake, kahamia nyuma ya zizi. Anakunywa huko peke yake kama mlevi.

Jumapili, 17 Agosti

Tumechinja jogoo, Rabson kaja kutoka Tunduma. Maini na firigisi ni za mzee, tangu enzi na enzi. Nimempakulia. Alipomaliza nikaona firigisi imeliwa, ini limebaki pembezoni mwa sahani. Nikauliza halikuiva? Kasema, "Hilo la yule mwenzangu aliyenihamisha."

Nikalipeleka jikoni. Restuta kaliponda kwenye viazi. Violet kalimaliza, kalia kwa kuwa limeisha.

Alhamisi, 28 Agosti

Leo kamkimbiza bata mpaka kwa jirani. Kaanguka, kainuka, kakimbiza tena. Udongo wa ukutani haujaguswa wiki nzima, nimekagua mwenyewe pale alipochimba. Jioni kanipiga na kijiko usoni. Kijiko kizito, mkono una nguvu.

Sitaki kusema kitu mpaka kimashine kiseme.

Jumatano, 10 Septemba

Naandika kwenye benchi la zahanati, daftari gotini. Foleni ndefu. Violet hatulii, kavua kofia ya mtoto wa watu, kaitupa. Nimemwomba radhi mwenye mtoto. Moyoni nimefurahi.

Tabita kapita akaniinamia. "Bibi, leo kuna somo la ulishaji hapa nje. Kina bibi wengine hawanisikilizi, wananiita mtoto. Ungewaambia wewe." Nikamwambia niseme nini? Kasema, "Lile la sufuria."

Nikamwambia hapana. Niwaite watu wazima niwaambie nilimkosesha damu mjukuu wangu kwa mikono yangu? Wanijue Isansa nzima?

Kaondoka. Sasa hivi mama mmoja wa Ihanda, mtu mzima mwenzangu, amembeba mjukuu mweupe viganja kama karatasi. Anamwambia mwenzake kwamba hivi vipakiti havina maana. Yeye anatia kwenye sufuria kila siku na mtoto yuko vile vile. Na mke wa mwanawe kasimama nyuma yake, anatazama chini.

Nesi Osward kafungua mlango. Kaita Violet. Wanawake wa somo wameshakaa kwenye mkeka, Tabita kasimama mbele yao, hakuna anayemtazama.

Restuta, mchukue mtoto, ingia naye wewe, na akiuliza anakula nini jibu wewe. Namba utaniambia ukitoka. Shika na daftari hili, mimi naenda kusimama pale mbele.