Mursik ya Waliofungwa

Gogo, bibi yangu mpendwa,

Mvua imewaruhusu kuchuma chai huko Kiptere? Huku ni theluji, lakini hoki yetu tunaicheza ndani ya ukumbi. Jana tulifungwa mechi ya mwisho. Mimi nilikuwa golini, goti limevimba. Tulipokuwa tukivua viatu, meneja wetu akasema, "Wasichana, msitarajie mursik pale uwanja wa ndege. Hayo ni maziwa ya kibuyu ya kupokelea washindi."

Nikamuuliza, "Kwani wewe umekamua ng'ombe gani?"

Hadi sasa hasira haijanitoka. Ng'ombe ni wako, kibuyu ni chako, na ni wewe uliyekisugua kwa mkaa ukiniwaza. Usimpe mtu mwingine mursik hiyo. Nitaingia jikoni kwako nikichechemea, na nitainywa yote.

Mungu akukinge na baridi,
Cherono wako