Aliyepotea Akae

Chumba namba saba, nyumba ya wageni,
Alhamisi, tarehe 9 Agosti.

Mpendwa mdogo wangu Kichwangumu,

Hujambo? Mgongo wako umepoa? Wifi yangu naye hajambo? Na mapacha, bado wanagombania kijiko kimoja? Mimi na baba tu wazima wa mwili, tunakula na kulala. Ya moyoni utayaona mbele, maana nimeshindwa kuyameza.

Kwanza ahsante ya zawadi. Baba aliposikia umemlipia safari ya kuja kuona mahali ilipopigwa ile filamu aipendayo, alinyoa ndevu zote siku tatu kabla ya kuondoka. Unaikumbuka kanda yetu, ilivyokuwa ikikatika na mama kuiunga kwa rangi ya kucha? Na baba akitokwa machozi palepale kijana anapomsubiri mchumba wake kwenye ngazi, anasingizia vumbi.

Jana ndiyo tulitembezwa. Kiongozi wetu ni mama mmoja mwenye mwavuli mwekundu. Anasimama, anainua picha ya filamu, halafu anatuonyesha ukuta wenyewe, mtaro wenyewe. Lile jumba la tajiri ni mbao za mbele tu, nyuma yake watu wameanika nguo. Baba alikuwa akiyasema maneno ya waigizaji kabla ya kiongozi kufungua mdomo, na wageni wenzetu wakampigia makofi.

Kwenye soko la maua niliinama kufunga kiatu. Kuinuka, mwavuli hakuna, baba hakuna. Nikajua nimeachwa na kundi. Unaijua sheria ya baba tangu utotoni: aliyepotea akae, anayetafuta atembee. Basi mimi, mtu mzima na mvi zangu, nikakaa kwenye benchi nimsubiri baba aje kunichukua. Nusu saa nzima najipepea, sina hata wasiwasi.

Mwavuli ukarudi bila baba. Yule mama alidhani yuko nami.

Mdogo wangu, hebu fikiria. Pasipoti yake ninayo mimi, dawa zake za sukari ninazo mimi, simu kaiacha kitandani, na lugha ya huku hajui hata salamu. Kila gari lililopita nilimwona baba yetu chini yake. Sijawahi kuogopa hivyo tangu siku mama alipotutoka. Ndipo nikaelewa kwamba safari hii wa kutembea ni mimi. Nikaenda duka kwa duka nikimweleza kwa ishara, nachora ndevu kidevuni, nimesahau kabisa kwamba kazinyoa.

Nilimkuta kwenye zile ngazi za filamu. Amekaa kidato cha tatu, mikono magotini kama mwanafunzi. Hakushtuka. Aliniambia taratibu, "Nimekaa, mwanangu, kama sheria inavyosema. Hata nyumbani nimeshapotea mara tatu. Huwa nakaa tu mpaka njia inirudie. Usimwambie mdogo wako."

Nimekuambia. Hasira zake nitazibeba.

Nilidhani ni usahaulifu wa uzee, miwani na funguo. Leo asubuhi kaniita kwa jina la mama, na hakujisahihisha. Sasa amejilaza baada ya chakula cha mchana, nami nimeegemeza kiti mlangoni. Akigeuka tu, kalamu inasimama. Naogopa, sikufichi. Naogopa siku nitakayomkuta amekaa mahali, anitazame na asinijue.

Mwaka wa sita huu unasema utakuja nyumbani mwakani. Sikulaumu, kazi ni kazi. Lakini tulipokuwa tunarudi aliniuliza kama wewe nawe unaikumbuka ile sheria. Nikamwambia unaikumbuka. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi nitakaa."

Msalimie wifi, wabusu mapacha, waambie shangazi yao amewanunulia vijiko viwili. Shemeji yako anakusalimu kutoka nyumbani. Mungu akulinde, na akufupishie njia.

Dada yako akupendaye,
Kamanda