Daktari Kanipa Krimu, Mie Nikaanza na Msasa

Mpendwa mshauri, naomba msaada japo kuomba sijazoea, mie nina miaka sabini na nane, viwanda viwili vya Chang'ombe vilivyoniajiri vyote vimekufa mie nipo, madaktari watatu walionikataza ugoro wote nimewazika, tena jeneza la wa mwisho nilibeba kwa mbele, na kwa kuchonga kinyago cha mpingo hapa Mwananyamala hakuna wa kunifikia, hata waje Wamakonde kumi kutoka Newala.

Sasa mikono yangu ina pumu ya ngozi, inawasha inapasuka, miaka miwili nilikuwa napakaga dawa ya kopo lisilo na jina aliyoniletea jirani, inatulia, ikirudi inarudi na ndugu zake, ngozi ikawa kama karatasi ya sigara. Mjukuu wangu Herieth akanipeleka kliniki, daktari binti mdogo tu, akasema kopo hilo analishuku lina steroidi, dawa kali inayokondesha ngozi, akaniandikia krimu isiyo na steroidi, akasema babu paka kidogo asubuhi na jioni, siku za mwanzo itachoma, usifunge, usikae juani.

Mie nikasema moyoni, huyu binti si fundi. Kinyago hakipakwi kiwi ya viatu kabla ya msasa, haishiki! Nikafika nyumbani nikaipiga mikono msasa, ule laini wa kumalizia, mie si mjinga, nikapaka nusu ya tyubu, nikafunga nailoni ya mkate, nikakaa juani ikauke. Mshauri, iliwaka! Nilipiga kelele mpaka mke wangu Rosalia akatoka jikoni na mwiko akidhani mwizi, kuniona akasema, "We mzee, leo unajichonga mwenyewe?" Sasa mikono inatoa maji.

Na Herieth anaolewa baada ya wiki tatu, baba yake hatunaye, mie ndiye wa kumshika mkono kanisani, naye anasema, "Babu, utavaa glavu." Mie glavu, kama trafiki? Nimekataa, kanuna, anasema basi atashikwa na mjomba wake Wilfred, mtu ambaye hata mwiko hajawahi kuchonga! Je, nirudie kopo la jirani, maana lile halikuchomaga? Haya yote kweli tupu, mashahidi ni Rosalia na fundi Gervas aliyeniazima msasa na sasa hautaki tena.

Mzee Deogratias, Mwananyamala

JIBU

Shikamoo babu. Pole sana, na sasa nivumilie nikugombeze kwa heshima zote.

Mkono si mpingo! Krimu hiyo huweza kuchoma siku chache hata kwa aliyefuata maelekezo, kisha hupoa. Wewe uliyejichubua kwanza ulitegemea ikupepee? Binti yule alikuambia paka kidogo, usifunge, usikae juani, ukayavunja yote matatu kabla ya chakula cha mchana.

Leo hii, siyo kesho, rudi kliniki na tyubu na kopo, vyote viwili. Mkono unaotoa maji huenda umeingia vijidudu, kwa hiyo usipake tena mpaka daktari auone. Na habari ya msasa umwambie, usimung'unye maneno. Akikuruhusu kuendelea, paka ngozi ikiwa safi na kavu, nyembamba, penye ugonjwa tu. Nailoni irudi kwenye mkate. Muulize pia mafuta ya kulainisha ngozi, yapi na wakati gani. Vumbi la mpingo na kiwi vinaweza kuichokoza ngozi, patasi ipumzike kwanza. Kopo la jirani usilirudie: halikuchoma, lakini karatasi ya sigara uliipata wapi? Na tyubu atunze shahidi wako Rosalia, yeye ndiye akupimie.

Kuhusu kanisani, wiki tatu huenda zisitoshe mikono kung'aa, nisikudanganye. Lakini Herieth, kama unasoma, pumu ya ngozi haiambukizi. Mshike babu yako hivyo hivyo na mabaka yake, mjomba Wilfred akae kwenye benchi. Kinachonipa wasiwasi mie kuwa kinaambukiza, babu, ni ubishi, maana bibi harusi wa kumfukuza babu kwa ajili ya glavu, huo kautoa wapi?