Mlango wa Vioo na Jiko la Mama

Nairobi, Jumapili mchana

Ndugu yangu Kiprotich,

Chamgei. Ng'ombe wako salama? Watoto wameacha kukohoa? Chai inachumika na mvua hii? Hali ya Mama sikuulizi wewe, nimeionja mwenyewe. Mimi nina afya na nina hasira, na hizo mbili zinakaa pamoja vizuri tangu juzi.

Juzi Chelangat, binti wa mama mdogo, alifika hapa na kibuyu cha mursik, maziwa lala ya Mama mwenyewe. Nikamimina kikombe, nikanywa. Nikamwuliza, "Jiko la Mama limeenda wapi?"

"Jiko gani, dada?"

"Chelangat."

"Mimi nilitumwa maziwa tu."

Kibuyu hicho kimesuguliwa ndani kwa makaa ya gunia, ya kununua, Kiprotich. Hakuna ladha ya ule mti Mama huchoma, hakuna moshi wa darini. Kijiji kizima cha Merigi kinaweza kunificha jambo, lakini si kwa mursik. Kabla chai haijachemka Chelangat alikuwa amesema yote: ulingoja Mama aende kanisani, ukalibomoa.

Na uliniambia nini kwa simu ya posta pale Bomet? "Jiko liko, dada, wacha wasiwasi." Labda ulimaanisha udongo wake bado uko.

Uliniomba ramani ya nyumba ya kisasa, "kama zile mnachora huko mjini." Unajua kazi yangu ni kunakili michoro ya mkubwa wangu kwa wino. Sasa hivi tunachora nyumba ya tajiri mmoja. Ukuta wa sebule unasukumwa wote kando, mtu anatoka kwenye kochi mpaka kwenye nyasi bila kuruka kizingiti. Katikati wameacha uwazi ili mti umee ndani. Jiko la pili liko nje, la kuchomea nyama. Tajiri anasema anataka kuishi ndani na nje kwa wakati mmoja. Nilitaka kumwambia kwamba nyanya yetu aliishi hivyo, mbuzi wakihema upande wa pili wa ukuta, lakini bado naihitaji kazi.

Ndiyo sababu sebule yako niliifungulia uani kwa mlango mpana wa vioo, na ng'ambo ya ua nikaacha jiko la Mama vile lilivyokuwa, la udongo na nyasi. Sikulisahau pale. Nyumba yote imeligeukia. Mama akae kwenye moto wake na aongee na mgeni aliye kwenye kochi, bila mmoja kumfuata mwenzake. Sasa umeliondoa, na mlango wangu unaangalia nini? Chelangat ameniambia. Unaangalia choo. Umenunua vioo ili wageni wakinywa chai waone nani ameingia na nani amekawia.

"Lilikuwa linatuaibisha," ulimwambia Mama. Mbele ya nani? Sasa anavua viatu mlangoni na kukaa ukingoni mwa kochi kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Gesi anaiogopa. Anavuka shamba kwenda kupika kwa jirani, na umri huo, na goti hilo. Hiyo haichekeshi, na nimejaribu kuicheka.

Sitaki uniombe msamaha. Jenga. Mahali palepale, mlango ukiangalia sebule, na dari ya mahindi juu ya moto. Miti achague Mama mwenyewe, na siku hiyo wewe kazi yako iwe kubeba.

Nisalimie mke wako, ambaye nasikia hajakusemesha tangu ubomoe, mwambie aendelee. Nisalimie shangazi wa Sigor, asije kukutetea. Na fundi wako Otieno, mwambie pale nilipoandika "jiko" kwenye ramani sikukosea.

Kibuyu kinarudi na Chelangat. Atakiweka mikononi mwa Mama, si mwako. Nimemwomba Mama asinitumie maziwa tena mpaka awe na moto wake. Kwa hivyo siku mursik itakapofika hapa nitajua umejenga, na mlango wa vioo utakuwa na kitu cha kuangalia. Usijaribu kutuma ya jirani. Mimi ndiye niliyehama Merigi, ulimi wangu ulibaki.

Dada yako aliyekubeba mgongoni,
Chepkoech