Kanga ya Mama na Trekta ya Baba

Kang'ata, 12 Juni 1954

Mjukuu wangu Mwanaidi,

Leo nitakueleza yote bila kuficha. Shikamoo yako nimeipata, marahaba. Ingawa nimekuzidi madarasa machache tu, kwa ukoo mimi ni bibi yako. Sisi ni wazima, na mahindi yanakauka vizuri.

Umeniuliza kwa nini mama yangu amefika kwenu Handeni na kipande kimoja tu cha kanga badala ya doti nzima. Cha pili baba alikichana ili achujie mafuta ya trekta yake ndogo, uchafu wa pipani usiingie kwenye injini.

Mama alipokiona alisema, "Baba Asha, huyu mke mwenzangu wa chuma sasa unamvika nguo zangu?"

Baba akacheka. "Mwenzio hanuni. Akishiba anavuta jembe."

"Basi na akupikie!"

Mama akafunga mzigo. Hata mimi naionea wivu trekta ile. Kila asubuhi baba huipaka grisi, hukaza nati, kisha huinamisha kichwa asikilize kama injini inakohoa. Mama alikohoa mwezi mzima, na baba hakuinamisha kichwa.

Jana alifungua jembe, akafunga tela. Ndani yake ametandika mkeka, na juu ya mkeka ameweka doti mpya. Kisha akaniuliza polepole, "Hivi mama yako bado anakohoa?"

Mpe dereva wa lori aliyekuletea barua hii jibu lako leo hii: tukija Jumapili, mama atakubali kupanda?

Bibi yako,
Asha