Kimto cha Sindano cha Jemutai

Jumamosi, 14 Juni 2025

Nimerudi sokoni na vikombe sita vilivyovunjika mkono na bakuli la sukari lisilo na kifuniko. Ndung'u wa mitumba ya vyombo hucheka kila akiniona. Leo kaniuliza kama kwangu chai hunywewa kwa sindano. Acheke tu. Unajaza kikombe sufu, unafunika kitambaa cha pazia kuukuu, unashona, unatia gundi — tayari, kimto cha kuchomekea sindano. Mafundi wa cherehani hapa Kaptembwo wanavipenda.

Jioni, ujumbe kwa WhatsApp. Mama wa Rongai, simjui. Ameona picha za vikombe vyangu kwa status ya rafiki yake. Mtoto wa Grade Seven ametakiwa shuleni atengeneze kitu kwa vyombo vilivyotupwa, na yeye mwenyewe hawezi kushona hata kifungo. Nimuuzie kimoja. Nikakubali. Halafu nikafungua picha yake ya profile.

Kando yake amesimama Kipkirui, mume niliyemwacha, amevaa ile koti ya kijani niliyomnunulia mimi.

Basi mtoto ni Jemutai. Mtoto ni wangu.

Jumapili, 15 Juni

Sikwenda kanisani. Ningeimba nini?

Miaka miwili na miezi mitatu. Siku nilipomtoka Kipkirui nilimwambia Jemutai naenda kutafuta nyumba, nitakuja kumchukua. Nyumba nilipata. Chumba kimoja, lakini nyumba. Kumbe baba yake alishabadilisha namba, na nilipoenda, mara mbili nilirudishwa kwa geti. Shangazi yake akaniambia mtoto ameshazoea, nisimsumbue. Ameshazoea! Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Nimemkumbuka leo mpaka mwili unauma.

Jumatatu, 16 Juni

Yule mama amepiga simu. Anaitwa Chepkirui. Nilitaka kumchukia, lakini ana sauti ya upole. Mwalimu amekataa kitu cha kununuliwa, mtoto ashone mwenyewe, alete Jumatatu ijayo. Je, naweza kumfundisha kwa video? Nikasema ndiyo kabla hajamaliza.

Sasa naogopa. Jemutai akinitambua, akaniita mama, Kipkirui akasikia, nitafungiwa hata huu mlango mdogo. Nimeamua: mikono tu. Simu nitaielekeza mezani. Sauti nitasingizia mafua.

Jumatano, 18 Juni

Nimemwona!

Vidole vimerefuka. Kucha bado anazing'ata. Aliniita anti. Niliitikia kwa kukohoa, mwigizaji mimi. Sauti yake imekuwa nzito kidogo, na huuliza maswali yake polepole, moja moja, kama mtu mzima. Nilitaka kumuuliza kama anakula, kama bado anaogopa radi. Nikamuuliza kama uzi umeingia.

Halafu nikakosea. Jemutai hutumia kushoto. Nyanyake alitaka kumpiga kwa ajili hiyo, nikakataa. Mimi ni wa kulia, lakini nilichukua sindano kwa kushoto nikaanza kumwonyesha — kabla hajaniambia neno, kabla hajashika hata sindano yake. Nilipogundua ilikuwa too late. Vidole vyake vilisimama juu ya kitambaa. Chepkirui aliuliza kutoka jikoni kama network imepotea. Jemutai akamwambia hapana, iko sawa.

Akaendelea kushona.

Alhamisi, 19 Juni

Amemaliza. Mshono mdogo, sawasawa, mzuri kuliko wa wateja wangu wengine. Nilimwambia hivyo. Akasema asante, anti. Simu ikakatika.

Imekwisha basi. Nimekaa na vikombe vyangu sina hamu navyo.

Ijumaa, 20 Juni

Haijakwisha! Chepkirui anasema asubuhi amepata kitambaa kimefumuliwa chote. Mtoto anadai alikosea. Tumeanza upya. Ameshona haraka, bila swali, kama fundi. Alipofika mwisho akaniomba nimwonyeshe tena mwanzo.

Hakuwa amekosea. Mshono wa jana niliuona kwa macho yangu.

Jumamosi, 21 Juni

Leo Chepkirui amepiga mapema, anaongea polepole.

“Amefumua tena, fundi. Na mimi sioni alipokosea.”

Akaniambia mzee wake ameenda mazishi Eldoret, atarudi kesho. Nikasema ni sawa. Akaongeza:

“Saa kumi naenda kukamua. Nitamwachia simu. Mimi sina haraka na hao ng'ombe.”

Anajua. Tangu lini? Mungu ambariki huyo mwanamke, na mimi niliyekuwa nimejiandaa kumchukia.

Saa tisa na nusu. Nimeoga. Nimevaa blauzi ya kanisani. Nimeivua, nimevaa ya kila siku, asidhani nimekuwa mtu mwingine. Nikimwambia ni mimi, ataniuliza mbona sikuja. Nitasema geti? Mtoto wa miaka kumi hakuambiwa habari ya geti, aliambiwa nitakuja.

Saa kumi kasoro. Simu inalia. Bado imeelekezwa mezani, inaonyesha mikono na kikombe kitupu. Nikiinua tu kidogo atauona uso wote. Inalia. Nami nimekaa naandika, mjinga mimi, mwenzangu anangoja —