Mtaa wa Baba Ukutani

4 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, ila sauti imekauka kwa chaki na kelele.

Katika darasa langu la tatu nimeunganisha kipindi cha lugha na cha maarifa ya jamii. Mwalimu mkuu ananitazama kwa jicho la pembeni. Anasema kila somo lina saa yake. Nataka watoto wasome barua ya kweli, kisha wauchore mtaa uliomo ndani yake. Tafadhali niandikie mtaa wetu.

Na lile ombi langu kwamba uje kuishi nami liko palepale. Tangu mama atutoke, sipendi ukae peke yako.

Kitindamimba wako

17 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo unalalamika, nami najifanya sisikii.

Wasomee hivi. Ukitoka kwa fundi viatu unapita bomba la maji, kisha ukuta wa bluu uliobabuka rangi. Mlango wa pili ni wetu. Asubuhi mama yako anafungua dirisha, anakung'uta mashuka, na mtaa mzima unanukia sabuni.

Kuja siji. Nani atafungua dirisha?

Baba yako

2 Machi

Baba,

Shikamoo. Umeamkaje huko? Mtaa wako umeenea ukuta mzima wa darasa. Walibishana bomba likae upande gani, wakairudia barua mpaka ikachanika mkunjoni. Mwalimu mkuu alikuja kukagua, akajikuta ameshika krayoni ya bluu.

Ila mimi sikuwaambia kwamba mama hayupo tena. Binti mmoja mwenye mapengo amemchora dirishani, shuka likipepea mpaka darini. Jua likiingia asubuhi linaanzia kwake, na watoto wakiingia wanamwamkia. Nimfute?

Kitindamimba wako

20 Aprili

Baba,

Shikamoo. Mbona kimya? Kama nimekutonesha kidonda, nisamehe. Sijamgusa.

Kitindamimba wako

28 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima. Nilinyamaza kwa sababu nililia, na baada ya kulia nilikuwa nalala sana. Niliota natembea juu ya karatasi, ukuta wa bluu ukinipaka rangi begani. Mama yako akaniuliza kutoka dirishani nimechelewa wapi.

Usimfute. Waambie watoto ukweli, taratibu, kisha waache waendelee kumwamkia. Hapa nimekuwa nikilifungua dirisha kila siku, na hakuna anayechungulia.

Leo nimelifunga. Ufunguo wa nyumba nimemwachia fundi viatu. Nakuja Jumamosi. Niwekee kiti darasani, kule nyuma, mahali ambapo nitamwona.

Baba yako